Dudu la Kumbini

Wewe uliyekabidhiwa daftari hili,

Nakuomba kwanza ulifunge, utazame kama uko peke yako, ndipo uendelee. Usimsomee mkeo, wala mama yako, wala mwenzako mnayelala naye chumba kimoja huko migodini. Humu mna siri za wagonjwa, ambazo nimekula kiapo cha kazi kuzitunza. Na jirani na hizo, zimetenganishwa na ukuta mwembamba, ziko siri za kumbi, yaani jando letu la milimani, ambazo mimi sizijui na sizitafuti. Za kwanza zikitoka nitafukuzwa kazi. Za pili zikidhaniwa zimetoka kwangu, sijui nitafanywa nini. Majina ya wagonjwa nimeyabadilisha. La mjomba wangu nimeliacha, kwa amri yake mwenyewe. Mengine yako kama nilivyoyaandika siku zenyewe. Ukimaliza, mrudishie aliyekupa, mkono kwa mkono.

21 Mei

Mtama wa mwisho umeingia ghalani, na asubuhi maji ya ndoo yalikuwa na ngozi ya barafu. Daktari wetu, Ngaka Nthatisi, amenipa kazi ya pili. Mbali na kuandikisha wagonjwa wa wodi ya kifua kikuu sugu, nitamjazia jedwali la utafiti wake. Makohozi ya wagonjwa hupelekwa maabara kubwa ng'ambo ya mpaka. Huko vijidudu husomwa vinasaba vyake, herufi zaidi ya milioni nne kwa kila kimoja, na majibu hurudi mezani kwangu. Safu moja naandika mabadiliko yaliyokifanya kijidudu kikatae dawa. Safu nyingine naandika ukali wa ugonjwa: picha ya kifua, uzito, homa, mashimo ya mapafu, vyote vikijumlishwa kuwa alama moja. Ngaka anataka kujua kama ile ya kwanza ndiyo inayoiamua hii ya pili.

Nilimwuliza kama karani anaweza kuambukizwa na karatasi.

"Karatasi haikohoi, Seabata. Fungua dirisha."

Nimeshinda na blanketi mabegani.

24 Mei

Upepo. Hakuna jipya.

29 Mei

Leo nimefundishwa kusoma majibu. Vijidudu navyo vina ukoo, anasema Ngaka, kama mimi nilivyo wa watu wa mamba na yeye wa watu wa simba. Ukizijua herufi zilizobadilika, unajua nani amezaliwa na nani. Na dudu linalokataa dawa mara nyingi hulipia ukaidi wake. Hukua polepole, kama ng'ombe aliyevishwa nira nzito. Ila mara moja moja hupata badiliko la pili, la kuilegeza nira, na hapo huwa kaidi na lenye nguvu kwa pamoja.

"Hilo ndilo ninaloliogopa," alisema.

Kumbe na yeye huogopa. Nilifarijika, jambo ambalo si zuri.

2 Juni

Mjomba Malefetsane alipita nyumbani. Anakohoa. Mama anasema ni vumbi la mgodi, lile lile la kila majira ya baridi.

5 Juni

Kijana ameletwa juu ya farasi, amefungwa kwa mshipi wa blanketi asidondoke. Nitamwita Thulo. Muuguzi wa zahanati yao alileta makohozi yake tangu Aprili, lakini yeye mwenyewe hakuja mpaka miguu ilipomkataa. Ana umri kama wa mdogo wangu Pheello, au kamzidi kidogo. Mkono wake niliokuwa nikiuandikia kibandiko ni mwembamba kuliko mpini wa jembe.

Nesi 'Mapalesa alimwuliza maswali ya kawaida.

"Mwaka jana uliishi na nani?"

"Nilikuwa milimani na mifugo, 'M'e," alijibu, kama mtu anavyomwita mama yake.

"Pamoja na nani?"

"Na ng'ombe."

"Hao ng'ombe wana majina niwaandike?"

Thulo alitabasamu, akafumba macho. Ni kijana wa nne tangu Machi, na wote wanne wamejibu hivyo hivyo, kila mmoja na kambi yake ya mifugo, kila kambi na mlima wake. Nesi akanigeukia. "Wachungaji wa siku hizi, Seabata, wanaishi kama watawa."

9 Juni

Barafu mpaka saa nne. Mjomba alikuja kumtazama Pheello, akampima mabega kwa viganja kama anayenunua dume. Pheello atapanda kumbini mwezi ujao. Mjomba ndiye mwalimu wa kumbi ya Ha Ramosiea, kila mtu analijua hilo, hata sisi tusiostahili kujua zaidi.

"Na huyu?" akanionyesha kwa kidevu. "Huyu tulimwachia vitabu. Vitabu vimemtahiri?"

Wote walicheka. Mama alicheka kidogo kuliko wengine, kwa kuwa ndiye aliyenipeleka shule ya misheni mwaka ule wenzangu walipopanda. Nina umri wa kuoa, na watoto wa kuchunga mbuzi bado huniita msungo, asiyetahiriwa, nikipita.

14 Juni

Majibu ya wale vijana wanne yamekuja pamoja. Niliyasoma, nikadhani nimenakili karatasi moja mara nne. Ukoo mmoja. Badiliko lile lile la kukataa dawa. Na badiliko la pili lipo, lile la kulegeza nira. Katika herufi zote hizo milioni, wawili hawatofautiani hata kwa moja. Wengine wawili kila mmoja ana herufi moja yake.

Ngaka alikaa chini. "Hawa wamevuta hewa moja. Tena kwa muda mrefu, ndani ya nyumba."

"Mafaili yanasema kambi nne, Ngaka. Kati ya moja na nyingine kuna mto na mlima."

"Mafaili yanaandikwa na watu. Dudu halidanganyi."

Kisha tukatazama safu ya ukali, ambako nilitarajia alama nne zinazolingana. Thulo ana alama ya juu kuliko mgonjwa yeyote wa mwaka huu. Kijana wa pili, nitamwita Khauta, ana dudu lile lile, herufi kwa herufi, naye alikuwa nje juani akicheza morabaraba, mchezo wa kete tunazoziita ng'ombe, na kulalamika kwamba mboga haitoshi ugali. Dudu moja, na watu wawili mbalimbali kabisa. Ngaka alizungusha kalamu mezani.

16 Juni

Naandika mlango ukiwa umefungwa kwa komeo.

Nilikuwa napeleka chati. Khauta, akiwa na barakoa, alisimama kwenye mlango wa Thulo. Mmoja ni wa bonde la kaskazini, mwingine wa ng'ambo ya mto, na hakuna karatasi inayosema wanajuana. Lakini walikuwa wakiitana kwa majina ambayo hayamo kwenye mafaili, na sauti zao zilikuwa za watu waliolala mkeka mmoja. Waliponiona, wakanyamaza wote wawili kwa mara moja.

"Pita tu, karani," Khauta akasema. "Mazungumzo haya yana mlango, na wewe hukupewa ufunguo."

Hakusema kwa ubaya. Lakini namna hiyo ya kunyamaza naijua. Nimenyamaziwa hivyo tangu nilipokuwa na miaka kumi na saba, visimani, dukani, kwenye mazishi. Wanaume hawanyamazi hivyo kwa sababu ya mifugo.

Ni kumbi. Majira ya baridi ya mwaka jana walikuwa kumbi moja, miezi mingi, chini ya paa moja. Na nesi akiwa mwanamke, wangemjibu nini? Kijana hatamki kumbi mbele ya mwanamke, hata akiwa anakufa. Wakasema ng'ombe. Swali letu wenyewe ndilo lililoutengeneza uongo, na sisi tukauandika kwa mwandiko safi.

Na mwalimu wao ni mjomba wangu, ambaye hukohoa.

17 Juni

Nimeyasoma tena mafaili yote manne.

20 Juni

Mjomba alikuja kwa miguu, akimvuta farasi wake kwa huruma kwa sababu njia ina utelezi. Alipanda kilima chote bila kupumzika. Alikaa ndani, Pheello ubavuni mwake, wakazungumza habari za farasi. Akakohoa mara kwa mara, kikohozi kifupi cha mtu asiye na habari nacho. Nilifungua mlango.

"Unatuuzia baridi, Seabata?"

Nikasema moshi umezidi. Mama akaufunga. Nikaufungua tena. Pheello aliniambia niende nikalale zizini kama napenda upepo.

Kwa miaka yote nilidhani namwogopa Mjomba kwa sababu ni mkali. Leo nilimtazama, nikaona mzee anayecheka, ambaye mtoto amelalia bega lake, na nikamwogopa kuliko siku zote.

24 Juni

Nilimwambia Ngaka nusu tu. Nilisema, "Wale vijana waulizwe na mwanamume."

"Mwanamume gani?"

"Aliyepita mahali ambapo mimi sikupita."

Yeye ni binti wa milima hii. Aliweka kalamu chini. "Usiendelee, Seabata. Hayo si ya masikio yangu." Kisha: "Nikiandika barua wilayani, wataleta polisi. Kumbi itahamia mlima ambao hata wezi wa ng'ombe hawaujui, na yeyote anayekohoa atahama nayo."

"Kwa hiyo tufanye nini?"

"Mimi nina haki ya kuuliza habari za mapafu. Sina haki ya kuuliza habari za mlima. Kama unamjua mtu, na akaja kwa miguu yake, nitampima kama ninavyompima yeyote."

"Ni mjomba wangu, Ngaka."

"Basi una bahati. Mpwa huruhusiwa kuzivuta ndevu za mjomba wake."

Hajamwona mjomba wangu.

27 Juni

Theluji. Barabara imefungwa. Khauta ameongezeka uzito.

30 Juni

Nilikaa na Thulo kidogo, kwa kisingizio cha kuhakiki anwani. Dawa anakunywa, vile vidonge vipya vya miezi sita, lakini Ngaka anasema mapafu yake yamekuwa kama chujio. Nilimwuliza kwa nini alichelewa kuja.

"Nilivumilia."

"Tangu lini ulianza kukohoa damu?"

"Tangu kabla ya kupalilia." Akapumzika. "Khauta hakuvumilia. Mama yake alimkokota kwa sikio mpaka zahanati, mwanamume mzima. Tulimcheka."

Nilirudi mezani nikaitazama safu ya ukali. Hakuna mahali pa kuandika muda ambao mtu amenyamaza. Tumepima mashimo na homa na kilo, na tumesoma herufi milioni nne za dudu, na mwanafunzi bora wa kumbi ile amefika kwetu wa mwisho kwa sababu ndiye aliyeshika somo la kuvumilia kuliko wenzake.

3 Julai

Thulo amefariki asubuhi. Kabla ya hapo aliniita, si nesi, mimi. Alisema, "Mwambie mzee nimevumilia." Hakutaja mzee gani. Aliniangalia machoni, akijua kwamba najua, naye hakuvunja kiapo chake.

6 Julai

Nimekwenda. Naandika yote kabla hofu haijayabadilisha.

Nilimkuta Mjomba nyuma ya nyumba, juani, akishona hatamu. Niliomba tukae huko huko nje. Nilivaa barakoa, naye akaitazama kama mtu anayetazama kofia ya mwanamke kichwani mwa mwanamume.

"Nani amekufa?" akauliza.

Nikamwambia. Akaiweka hatamu chini. Nikampa neno la Thulo kama lilivyokuwa.

Aliichomoa sindano kwenye ngozi, akaichomeka pembeni ya blanketi. Kisha akasema polepole, "Nani kakuambia mzee huyo ni mimi?"

"Hakuna mtu, Mjomba. Hakuna aliyefungua mdomo. Hata yeye."

"Basi umejuaje?"

Nikamweleza kama nilivyoweza: ukoo wa dudu, herufi, vijana wanne waliovuta hewa moja. Sikulitaja neno kumbi. Nilisema "mahali".

"Kwa hiyo," akasema, "dudu limepita mahali, na wewe bado hujapita."

Akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikurudi tena kuwa kicheko. Alipomaliza alifuta mdomo kwa ncha ya blanketi, akaitazama ncha hiyo, akaikunja.

"Mimi si mgonjwa. Juzi nimemshusha kondoo kutoka mlimani begani. Mgonjwa ni yule asiyeinuka."

"Ndiyo hofu yangu. Asiyeinuka anaambukiza kitanda chake. Wewe unapanda milima, unakaa na watu, na hakuna anayefungua mlango."

"Maneno ya vitabu."

"Pheello anapanda juma lijalo."

"Pheello ni wangu kabla hajawa wako. Siku alipokatwa kitovu, mimi ndiye niliyemtamkia baraka."

"Basi tema humu kwa ajili yake." Nikamnyooshea kikopo.

"Unatetemeka, mpwa."

"Naogopa."

"Unaniogopa mimi, au dudu?"

"Nawaogopa nyote wawili, Mjomba."

Hapo alinitazama, nadhani kwa mara ya kwanza tangu nilipokwenda shule. "Wanaume wengi wananiogopa," akasema, "na hakuna aliyewahi kuja kuniambia hivyo nyumbani kwangu." Akaisogeza hatamu kando. "Huyo kijana. Alikuja kwenu lini?"

"Alipokuwa hawezi kusimama."

"Angekuja mapema?"

Ningeweza kumdanganya. "Mwenzake alikuja mapema. Ananenepa."

"Mimi ndiye niliyemfundisha kunyamaza," Mjomba alisema. "Nilimfundisha asilie kisu. Sikumfundisha anyamazie mapafu. Lakini mtoto atajuaje tofauti, kama mwalimu mwenyewe hakuisema?"

Akachukua kikopo, akaenda pembeni ya zizi, akanipa mgongo. Alirudi nacho kimefungwa.

"Usimwambie mama yako kwamba nimemtii mtoto."

8 Julai

Mashine ndogo ya kupimia makohozi tuliyo nayo hapa imetoa jibu la Mjomba. Dudu lipo, na linakataa dawa. Nilikaa chooni mpaka nesi akagonga mlango.

10 Julai

Mjomba alishuka mwenyewe juu ya farasi, amevaa blanketi lake la sherehe, akamsalimia Ngaka kama mgeni wa heshima. Picha yake ya kifua ina makovu ya zamani ya mgodi na doa dogo jipya. Uzito mzuri. Homa hakuna. Alama yake ya ukali ni ya chini kuliko ya wagonjwa wote wa wodi.

"Unajisikiaje, Ntate?" Ngaka aliuliza, akimwita baba kwa heshima.

"Kama mtu aliyeletwa kunywa dawa za mwingine."

Kumbi ya mwaka huu amemwachia mwalimu mwenzake. Nilianza kusema kuhusu hewa na paa, akaninyooshea kidole. "Kitakachosemwa kuhusu paa nitakisema mimi, kwa mwenzangu, kwa maneno yetu. Wewe ulizuiwa mlangoni na hapo mlangoni umefanya kazi yako. Simama hapo."

Mama, Pheello na mimi tumepimwa. Tu salama kwa sasa. Tutarudia.

15 Julai

Pheello amepanda. Mama alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Mimi nilisimama na wanawake na watoto, mahali pangu. Mdogo wangu hakunitazama, ndivyo inavyotakiwa. Kwa mara ya kwanza sikuona aibu.

22 Julai

Baridi kali. Mjomba anawafundisha wagonjwa morabaraba na anawaibia ng'ombe mchana kweupe.

9 Agosti

Herufi za dudu la Mjomba zimerudi. Ngaka alizichora kama mti. La Mjomba limekaa kwenye shina, pamoja na Thulo na Khauta. Wale wengine wawili ni matawi, kila mmoja na herufi yake moja juu.

"Jedwali langu limepasuka," Ngaka alisema, lakini hakuonekana kuchukia. "Nilitaka dudu lijibu swali lote. Ni kweli lina nguvu. Lisingekuwa na nguvu lisingewafikia wanne. Lakini ukali umekwenda huku na huku: kwa mmoja kaburi, kwa mwingine kikohozi cha asubuhi."

"Na mwenye kikohozi cha asubuhi ndiye aliyetembea, Ngaka."

Akaandika hilo. Kisha akaongeza safu mpya kwenye jedwali, na nitaijaza mimi.

20 Agosti

Mpichi ulio nyuma ya wodi umeanza kuvimba vichipukizi. Mjomba aliniita nje.

"Kumbi yangu ya mwaka jana haikuwa ya watoto wanne," alisema.

"Najua. Nipe majina, nesi atawafuata kwa siri."

"Majina hayo hayaandikwi. Hilo usilirudie." Alifikiri. "Wametawanyika. Wengine migodini, wengine viwandani Maseru, wengine wanakata manyoya ya kondoo. Barua ya hospitali wataitumia kuwashia moto wa chai. Mimi nikiwapelekea neno kwamba waje, watakuja kunisalimu na kuniambia kwamba ni wazima. Ndivyo nilivyowalea." Akaligusa daftari hili, ambalo sikujua kama analijua. "Wewe huandika kila jioni. Umeandika jinsi ulivyoogopa?"

"Yote."

"Kawape hilo. Lipite kwa mikono yao, mmoja kwa mwenzake, bila orodha. Waone kwamba mtu anaweza kuogopa na bado akaja."

"Na jina lako, Mjomba?"

"Liache. Wanakijua kikohozi changu; kwa nini tuwafiche jina?"

28 Agosti

Sasa ni wewe.

Njoo siku yoyote ya kazi. Usipite lango kubwa wanakoketi watu wa kijijini kwako. Zunguka upande wa zizi la farasi wa wagonjwa; kuna mlango wa bati uliopakwa rangi ya kijani. Usitaje mahali popote, na usiseme ni nani aliyekutuma. Sema unamtafuta karani Seabata kwa habari za kifua. Ukiulizwa na mtu mwingine, sema umeleta ujumbe wa familia, maana ni kweli.

Nitakupa kikopo na nitakuonyesha mahali pa wazi pa kusimama. Jibu hutoka siku hiyo hiyo. Hutaulizwa uliishi na nani. Swali hilo tumeliondoa. Utaulizwa tu ni tangu lini unakohoa, na hapo nakuomba useme kweli, kwa sababu ndiyo safu ninayoijaza.

Kama uko migodini na huwezi kuja, aliyekupa daftari anayo namba yangu ya simu. Piga mara moja, ukate. Nitakupigia kwa gharama yangu, na nitakuambia zahanati iliyo karibu nawe.

Kama hukohoi, njoo. Kama unabeba kondoo begani, njoo upesi zaidi.

Mlango wa bati hukwama wakati wa baridi. Ukiusukuma ukakataa, usidhani tumefunga na usirudi nyumbani. Kaa hapo kwenye jua. Nasikia hatua za mtu kutoka mezani kwangu, nitakuja kufungua.